Kukwangua mawe au kuzamisha vigae: njia ipi ya kupima mwani inafaa mito ya Dodoma?

Mvua zikikata mwezi wa Aprili na maji ya vijito vya milima ya Mpwapwa na Kondoa yakaanza kuangaza, mawe nayo huanza kuvaa utando. Hutangulia ule wa kahawia, mwembamba, unaoteleza chini ya kidole. Hufuata wa kijani. Ikifika Agosti au Septemba, kwenye madimbwi yaliyobaki, utakuta nyuzi ndefu za kijani zimeng'ang'ania miamba. Huo ni mwani ulioshika, unaoishi pamoja na bakteria, kuvu na tope lililonaswa humo. Konokono, viluwiluwi, wadudu wachanga wa majini na samaki wengi wadogo wanaula. Na kwa kuwa umeshika mahali pamoja, hupitiwa kwa wiki nyingi na kila kinachoshuka na mto: samadi ya mifugo, mbolea ya bustani, maji ya sabuni. Chupa ya maji uliyochota leo asubuhi inakueleza habari za leo asubuhi tu. Utando unakueleza za mwezi mzima.

Mwanafunzi anayeandaa utafiti, mwalimu wa sekondari mwenye klabu ya mazingira, jumuiya ya watumia maji inayotaka kujua kijito chake kinaelekea wapi, wote hukutana na swali moja: tukwangue mawe yaliyomo mtoni, au tuzamishe vigae vyetu, tusubiri mwani uote juu yake, kisha tuvitoe? Njia zote mbili zinatumika duniani kote. Ila kwa kanda ya kati hazilingani, na naweka wazi msimamo wangu tangu sasa: penye mawe, kwangua mawe. Vigae vina kazi zake, nitazitaja, lakini visiwe chaguo la kwanza kwa sababu tu vinaonekana vya kitaalamu zaidi.

Majira ndiyo yanayoamua

Kabla ya kulinganisha, ni lazima kuujua mto wenyewe. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine saba ni ukavu. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako mara nyingi mwani wa mitoni hupanda mara mbili: baada ya majira ya baridi, kabla miti ya kingoni haijatoa majani na kuzuia jua, kisha tena majani yanapopukutika. Mwanafunzi akiichukua ratiba hiyo na kuileta Kondoa atapotea. Kwetu baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi ya mwani, lakini haiuzuii. Mwenye neno la mwisho ni mafuriko.

Furiko moja la Januari hufanya mambo matatu kwa mpigo. Mchanga unaobebwa na maji unayasugua mawe, mawe yenyewe yanabingirishwa, na tope linaziba mwanga usifike chini. Mwani ulioota kwa miezi unaondoka ndani ya saa chache. Kisha maji yakitulia, diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika (madini ya jamii ya kioo), hurudi kwanza, kwa sababu ni wadogo, wanashika vizuri na wanaongezeka upesi. Ndio wanaofanya jiwe kuwa la kahawia na lenye utelezi. Wiki zinavyosonga, aina ndefu zaidi huota juu yao, mwisho zile za nyuzi. Utando ukinenepa sana, ule wa chini unakosa mwanga, unadhoofika, na vipande vizima vinabanduka na kuelea. Kwa hiyo hata bila furiko mwani haupandi moja kwa moja. Unapanda, unabanduka, unaanza upya.

Mwishoni mwa kiangazi hali inageuka tena. Maji yanapungua hadi kuwa madimbwi, jua ni kali, ng'ombe wa vijiji kadhaa wanakunywa mahali pamoja, nitrojeni na fosforasi ya samadi inarundikana. Hapo ndipo nyuzi za kijani na bakteria wa kijanibuluu (sianobakteria, wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mwani) hushamiri. Mahali pengine kijito kinakauka kabisa, na kinachobaki juu ya mawe ni ganda jeusi au la kijivu. Usilidharau. Ndani yake mna seli zenye kuta nene zinazovumilia ukavu, na sehemu yake huamka mara maji yanaporudi.

Kutokana na hayo, namba ya maana kuliko zote kwenye daftari lako ni siku zilizopita tangu furiko la mwisho. Sampuli mbili zilizochukuliwa tarehe moja, kutoka vijito viwili, haziwezi kulinganishwa ikiwa kimoja kilifurika wiki iliyopita na kingine kina miezi miwili ya utulivu. Waulize wanaoishi kando ya mto. Wanaolima bustani za mchicha na nyanya kingoni huikumbuka siku ambayo maji yalipanda.

Jambo jingine la huku ni mchanga. Milima ya Kondoa ilimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Udongo ulioshuka kutoka vilima vya namna hiyo umelala kwenye makorongo na mito hadi leo. Mto Kinyasungwe nao, unaoshuka kuelekea Kilosa, umeipiga reli ya kati kwa maji na mchanga mara nyingi, hasa upande wa Gulwe na Godegode. Mto ambao sakafu yake ni mchanga unaotembea hauna jiwe la kukwangua, na hapo hoja ya vigae inaanza kupata nguvu.

Mawe: kazi ya siku moja

Ukienda kukwangua mawe unahitaji mswaki mgumu, kisu kidogo, beseni jeupe, chupa, maji safi, na kifuniko cha chupa au pete iliyokatwa kwenye bomba la plastiki. Vuka mto kwa mshazari na kila baada ya hatua kadhaa chukua jiwe la kwanza litakalogusa ncha ya kiatu chako. Usichague kwa macho, maana macho hupenda jiwe lenye kijani kingi. Mawe matano ndiyo uchache, kumi ni bora, yote kutoka maji yanayotembea, kina kisichozidi goti, penye jua linalofanana.

Kupata eneo ndipo wengi wanapokwama, na hapahitaji kifaa cha gharama. Bana kifuniko juu ya jiwe, sugua na kuosha kila kitu kilicho nje ya kifuniko, kisha kiondoe. Kilichobaki ni duara la mwani lenye ukubwa unaoujua. Likwangue ndani ya beseni. Jiwe likiwa na umbo gumu, sugua uso wote wa juu, kisha lifunike hapo kwa karatasi ya foili, kata inayozidi, na uipime uzito. Ukijua uzito wa foili ya sentimita 10 kwa 10, hesabu ya eneo ni ya darasa la saba. Mawe mengi ya Dodoma ni granaiti yenye chembe zinazokwaruza, na mwani hujificha kwenye vishimo vyake. Sugua hadi maji ya kusuuzia yatoke meupe.

Faida kubwa ya mawe ni ukweli wake. Unapima mwani uleule anaokula konokono, uliopitia mafuriko yaleyale, ukiwa na nyuzi zake, tope lake na ganda lake. Unafika mara moja na kuondoka na jibu. Hakuna cha kuibiwa, hakuna cha kukanyagwa na ng'ombe.

Udhaifu wake ni kutofautiana. Jiwe moja limejaa, la jirani limelambwa na konokono likabaki tupu. Moja liligeuzwa na mtu aliyevuka jana, jingine halijasogea tangu masika. Hujui umri wa unachokikwangua. Dawa ni kuongeza idadi ya mawe na kupima kila jiwe peke yake angalau kwa safari ya kwanza, uone tofauti ni kubwa kiasi gani, kabla ya kuamua kuyachanganya katika chupa moja.

Vigae: kazi ya mwezi, na mlinzi

Wazo la kuuwekea mwani mahali pa kuota si geni. Mwaka 1954 Ruth Patrick, mwanasayansi wa Marekani aliyetumia diatomu kutambua uchafuzi wa mito, alieleza pamoja na wenzake kifaa kinachobeba vioo vidogo vya hadubini ndani ya maji ili diatomu waote juu yake. Siku hizi wengi hutumia vigae vya udongo visivyong'arishwa, kwa sababu uso wake unakaribia jiwe kuliko kioo. Huku kwetu kipande cha tofali la kuchoma kilichokatwa vizuri kinaweza kufanya kazi hiyo, mradi vipande vyote vitoke tanuru moja. Viloweke siku chache kwanza ili vumbi na majivu vitoke.

Vigae hufungwa kwa waya kwenye nondo iliyopigwa chini, au kwenye bamba zito la zege, kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, na kuachwa wiki mbili hadi nne. Weka vingi kuliko unavyohitaji. Ukivitoa kidogo kidogo, vitatu kila wiki, unapata kitu ambacho mawe hayawezi kukupa: kasi ya mwani kuota. Siku ya kwanza ilikuwa sifuri, eneo ni lilelile, umri ni uleule, uso ni uleule. Sehemu ya juu ya mji na ya chini yake zinaweza kulinganishwa hata kama juu kuna miamba na chini ni mchanga. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya vigae, na hakuna njia bora kuliko hiyo.

Kazi ya pili ni majaribio. Ukitaka kujua konokono wanapunguza mwani kiasi gani, weka vigae vingine chini kabisa na vingine juu ya kigingi wasikofika. Ukitaka kujua kivuli kinafanya nini, weka vigae kwenye jua na chini ya mti. Mawe hayakubali kupangwa hivyo.

Sasa matatizo, na ni mazito. Kigae cha wiki nne hupendelea wanaowahi, yaani diatomu. Mwani wa nyuzi na bakteria wa kijanibuluu, ambao huchukua muda kujijenga, mara nyingi huonekana pungufu kuliko walivyo kwenye mawe ya jirani. Antonella Cattaneo na Michel Amireault waliipitia hoja hii kwa kirefu mwaka 1992, na tahadhari yao ni kwamba nyuso za bandia mara nyingi haziwakilishi vizuri wingi wala aina za mwani wa asili, hasa usio wa diatomu. Mtu anayeuliza "kijito chetu kina mwani kiasi gani?" halafu akajibu kwa vigae, amejibu swali jingine.

Halafu kuna mambo ya mto wetu. Katika kiangazi maji hushuka kila wiki. Kigae ulichokiweka sentimita 20 chini ya maji mwanzoni mwa Julai kinaweza kukutwa kimekauka juu ya mchanga kabla hujarudi. Katika mvua, furiko litakizika au litakichukua pamoja na nondo yake. Kwa vijito vya msimu, muda salama ni mfupi, kuanzia maji yanapotulia Mei hadi yanapoanza kukatika Julai. Na kuna watu. Kipande safi cha tofali na nondo ni mali, na mahali penye maji kiangazi hapakosi wachungaji na watoto. Onana na mwenyekiti wa kijiji, kaa na wachungaji, waeleze unachofanya na kwa nini. Mzee wa mahali hapo akiambiwa, "Shikamoo mzee, tunaomba vigae hivi vikae hapa mwezi mmoja, tunapima afya ya maji ya mifugo," mara nyingi ndiye atakayekuwa mlinzi wako. Binafsi naona hatua hii ina uzito sawa na kifaa chochote cha maabara, maana maji ni yao.

Penye mchanga mtupu kuna njia ya tatu

Kabla hujakimbilia vigae kwa sababu tu hakuna mawe, fahamu kwamba mchanga nao una mwani wake. Diatomu wadogo hushika kwenye chembe za mchanga, na wengine hutembea kati yake. Chukua kifuniko cha sahani ya petri (kisahani cha duara cha maabara), kikandamize juu ya mchanga uliotulia chini ya maji, pitisha bamba jembamba chini yake, nyanyua. Una duara la mchanga lenye eneo linalojulikana. Likoroge kwa maji, acha mchanga utulie sekunde chache, mimina maji yenye mwani kwenye chupa, rudia mara kadhaa. Mto wa mchanga unaotembea utatoa mwani kidogo, na hilo lenyewe ni jibu: chakula ni haba, na wanaokula mwani watakuwa haba pia.

Ukishakwangua, upime nini?

Hapa nitapita haraka, kwa sababu njia zote zinaishia kwenye chupa ileile ya maji ya kijani.

Kipimo cha kawaida ni umbijani (klorofili, rangi ya kijani ya mimea na mwani) kwa kila mita ya mraba. Unachuja sehemu ya sampuli, unatoa rangi kwa asetoni au ethanoli gizani, unasoma kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa na rangi hiyo. Tuseme kigae chako ni sentimita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 0.01, ulikiosha kwa mililita 200 na ukachuja 20. Chujio likitoa miligramu 0.05 za umbijani, kigae kizima kina 0.5, nayo ni miligramu 50 kwa mita ya mraba. Katika mito ya nchi za baridi, wastani wa chini ya 20 huhesabiwa kuwa wa maji yenye rutuba ndogo, zaidi ya 70 wa maji yenye rutuba nyingi, na kuanzia 100 hadi 150 mwani huanza kuwa kero. Tumia namba hizo kujipima, usizifanye sheria ya mto wa Kondoa. Sampuli ikae gizani na kwenye barafu tangu mtoni, la sivyo umbijani utaharibika kabla ya kufika maabara.

Ukikosa spektrofotomita, kausha sampuli kwa nyuzijoto 105 za Selsiasi, pima uzito, choma kwa nyuzijoto 500, pima tena. Kilichopungua ni uzito wa viumbe. Ila maji yetu ya matope hubeba mabaki ya majani na samadi, nayo huungua pamoja na mwani, hivyo namba huwa kubwa kuliko haki.

Wasio na maabara kabisa watumie macho. Mwongozo wa New Zealand wa mwaka 2000 uliweka mpaka ulio rahisi kwa mtu yeyote: kwa sehemu za kuogelea na kupumzika, nyuzi zenye urefu wa zaidi ya sentimita 2 zisifunike zaidi ya asilimia 30 ya sakafu ya mto. Jumuiya ya watumia maji inaweza kukadiria hivyo kila mwezi, mahali palepale, na ndani ya miaka miwili ikawa na kumbukumbu ambayo vijito vingi vya mkoa huu havina.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Konokono wa Bulinus na Biomphalaria, wanaoeneza kichocho, hula utando huuhuu tunaoupima. Maji yaliyotulia yenye mwani mwingi ndiyo maskani yao. Vaa gambuti na glavu ndefu, na wanafunzi wasio navyo wabaki kingoni wakiandika. Kwenye bwawa la Mtera na sehemu za Ruaha Mkuu kuna mamba na viboko. Huko usiingie majini bila mwenyeji anayepajua.

Kwa hiyo uchague ipi?

Mwalimu na jumuiya: macho kila mwezi, na mawe mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza iwe wiki nne hadi sita baada ya furiko la mwisho, mara ya pili maji yanapobaki madimbwi. Msihangaike na vigae. Fedha ya nondo na nauli za kwenda kuviangalia itawafaa zaidi kwenye mikebe ya sampuli.

Mwanafunzi mwenye kiangazi kimoja tu na swali la "aina gani za mwani zipo, na kwa wingi gani, kuanzia mvua zikatike hadi kijito kikauke": mawe, kila wiki mbili, kuanzia Mei, mawe kumi kila safari. Utaona diatomu wakipungua na nyuzi zikiingia, jambo ambalo vigae vya wiki nne vingekuficha.

Mwanafunzi anayeuliza kama maji ya chini ya mji au ya chini ya bustani yana rutuba zaidi kuliko ya juu: vigae, iwapo sakafu za mto hazifanani. Zikifanana, rudi kwenye mawe. Vigae viingie majini Mei, vitoke kabla ya mwisho wa Juni, visipungue kumi kila kituo ili ukipoteza nusu bado una cha kupima.

Mwenye uwezo wa kufanya yote mawili, weka vigae na siku ya kuvitoa ukwangue mawe matano yaliyo pembeni yake. Tofauti kati ya namba hizo mbili itakuonyesha vigae vinakosa nini kwenye mto huo, na anayekuja baada yako atajua vigae vyake avisome vipi. Ziandike zote mbili kwenye ripoti, pamoja na kina, mwendo wa maji, kivuli, na siku zilizopita tangu furiko.